Ua Lisiloliwa

Mama alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao simu ya kutoka nyumbani huwa haina habari njema. Nilipokea nikiwa nimeshakaa kitandani.

"Mtamba wa jirani hataki kutoka kivulini," akasema.

Nikasubiri. Mtamba kukaa kivulini si habari ya kumwamshia mtu Dar es Salaam.

"Leo siku ya tatu. Hali, hapati choo, pua imechubuka yote. Wanasema amekula ua wako."

Ua wangu. Kuna ua wa kuzungushia nyumba na kuna ua la kunusa, na wangu ulikuwa vyote viwili. Desemba 2015, nikiwa na miaka 24 na mshahara wangu wa kwanza wa maana katika chumba cha habari, nilikata vijiti kumi na kitu kwenye uzio wa nyumba niliyokuwa nimepanga, nikavifunga ndani ya gazeti lililoloweshwa maji (gazeti lenye jina langu ukurasa wa tisa, nilihakikisha), nikapanda basi mpaka Manyoni, nikafika Itigi, kisha nikapata gari la Mitundu lililojaa magunia na kuku. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Uzio wa miti aliouacha ulikuwa umeliwa na mchwa, na mbuzi wa watu walikuwa wanaingia mpaka jikoni. Sikuwa na hela ya seng'enge. Nilikuwa na vijiti.

Vyote vilishika. Msimu wa pili wa mvua matawi yalikuwa yameshafumana, na maua yake, njano katikati na wekundu pembeni, yalikuwa kitu cha kwanza ambacho mgeni alikisifia akifika kwetu. Kitaalamu ni Lantana camara. Mama aliyaita maua ya Dar. Na kila aliposifiwa alijibu kwa sentensi ile ile, ambayo baadaye ilinirudia usiku kama deni: "Halafu hakuna kinachoyala. Hata mbuzi!"

Nilifika Mitundu siku ya nne baada ya simu. Mtamba alikuwa ameshakufa. Afisa mifugo alinieleza huku ameegemea pikipiki yake, kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa somo hilo mara nyingi. Lantana ina sumu iitwayo lantadini, inayoshambulia ini. Sasa, ng'ombe anapokula majani mabichi, ile rangi ya kijani huvunjwavunjwa tumboni, na mabaki yake hutolewa na ini kupitia nyongo. Ini likishindwa kazi, mabaki hayo huingia kwenye damu, yakafika kwenye ngozi, na jua likiyapiga yanaunguza. Ndiyo maana huchubuka kwanza pale penye ngozi nyeupe na kwenye pua. Ndiyo maana hataki kutoka kivulini. Yaani nyasi alizokula maisha yake yote zinageuka kuwa moto chini ya ngozi yake.

Jirani yetu ni mzee wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake nikiwa sekondari. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinikaribisha, akanipa kigoda.

"Binti, wale wengine wanaujua huo mti. Wanapita wanaunusa tu. Huyu nimemtoa mnadani mwezi uliopita, na nyasi zimekwisha." Akanyamaza kidogo. "Hela nitapokea, sikudanganyi. Lakini hela ni ya ng'ombe mmoja. Umeshatembea mpaka bondeni ukaona?"

Sikuwa nimeona. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuwa nakwenda msibani au sikukuu, nakaa siku mbili, napiga picha na mama mbele ya maua, narudi. Jioni ile nikatembea. Lantana inazaa vitunda vidogo vyeusi ambavyo ndege wanavipenda sana, na ndege hawaheshimu mipaka ya viwanja. Ilikuwa imefuata njia ya ng'ombe, ikakaa chini ya kila mti ambao ndege hutua, ikashuka mpaka bondeni, na huko haikuwa uzio tena. Mzee alikuwa na hofu nyingine, ya ndorobo kupata kivuli, na si hofu ya kijinga. Magharibi mwa Kenya, miaka ya 1960, vichaka vya lantana kuzunguka nyumba za watu viliwahi kuwa maficho ya mbung'o waletao malale. Sisi tunaoishi upande wa kuelekea pori la Rungwa hatuhitaji kuelezwa ndorobo ni nani.

Ofisini wenzangu walikuwa wakinitania kwamba natoka Matundu. Nilikumbuka utani huo asubuhi iliyofuata, nikiwa nje kidogo ya kijiji kwenye njia ya Itigi, nikichuma majani kama mtoto wa shule. Vile vichaka vya Itigi, vinavyosokotana mpaka mtu hapiti ila kwa panga, ni mimea ya hapa hapa, na majani yake yote yalikuwa na matundu. Mengine yameliwa pembeni, mengine yamebaki kama chujio. Nilichuma majani ishirini ya miti tofauti, sikupata hata moja zima. Kisha nikachuma ishirini ya lantana. Machache yalikuwa na madoa, lakini tundu sikuliona. Yalikuwa mazima, mazuri, makwaru kama msasa.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Nikiwa na hatia naitafutia makala.

Mmea una bajeti, kama kaya. Unatengeneza chakula kwa jua, unavuta maji na naitrojeni ardhini, na katika hicho unapaswa kuamua kiasi gani kiende kwenye kukua na kiasi gani kiende kwenye sumu, miiba na majani magumu. Mwaka 1992 wanasayansi wawili wa Marekani, Daniel Herms na William Mattson, waliandika makala ndefu ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Mtihani wa Mimea: Kukua au Kujilinda". Mmea usiojilinda unaliwa. Unaojilinda mno unafunikwa na jirani aliyetumia bajeti yake kurefuka.

Sasa uchukue mmea huo, uvushe bahari, uufikishe mahali ambapo wadudu wake hawapo. Lantana ni ya Amerika ya kitropiki. Wazungu waliichukua kwa ajili ya bustani, wakaichanganya mbegu karne baada ya karne ili wapate rangi, na ikasambaa duniani ikiwa pambo. Wadudu waliozoea kuila kule hawakupanda meli. Mwaka 1995 Bernd Blossey na Rolf Nötzold walipendekeza kwamba mmea wa namna hiyo hauneemeki tu kwa kukosa maadui. Vizazi vikipita, unabadilika. Ile miche inayopoteza bajeti kwenye ulinzi usiohitajika inashindwa na ile inayokua, na mwishowe unapata ukoo mrefu, mnene, wenye ulinzi mdogo. Walichukua mmea mmoja wa maua ya zambarau wa Ulaya ambao ulikuwa umevamia vinamasi vya Marekani, wakaotesha pamoja wale wa Uswisi, walioishi na wadudu wao, na wale wa Marekani, walioishi bila wao. Wa Marekani walikuwa wakubwa zaidi.

Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya kwenye kiti cha ofisi kama mtu aliyesomewa barua yake. Na mimi si nimefanya hivyo hivyo? Nimekulia mahali ambapo kila mtu anajua deni la baba yako. Nikaenda mahali ambapo hakuna anayejua, na nikarefuka. Wenzangu wananiambia nina moyo mweupe, naamini watu upesi. Niliipenda tafsiri hiyo kwa wiki nzima.

Shida ni kwamba niliendelea kusoma. Wengine waliorudia majaribio kwa mimea mingine hawakupata jibu moja. Baadhi ya mimea ilikua zaidi, mingine wala. Na jibu lililonigusa lilitoka kwa mmea unaoua ng'ombe. Ulaya kuna gugu lenye maua ya njano, jamii ya Senecio, lenye sumu inayoharibu ini la mifugo. Limevamia Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand. Jasmin Joshi na Klaas Vrieling walipolichunguza, wakatoa ripoti yao mwaka 2005, walikuta kwamba huko ugenini lilikuwa limepunguza ulinzi dhidi ya wadudu wake maalumu, wale ambao maisha yao yote ni kulila na wameshaizoea sumu yake. Lakini dhidi ya walaji wa kawaida, wale wanaouma kila kitu, ulinzi ulikuwa umeongezeka. Kumbe halikuwa limeacha silaha. Lilikuwa limebadilisha silaha.

Hapo ndipo moyo wangu mweupe ulipoanza kunitia shaka. Maana lantana ya mama nayo haikuwa imelegea hata kidogo. Mdudu wake maalumu hayupo Mitundu, ndiyo, lakini mtamba aliyetoka mnadani ni mlaji wa kawaida kabisa.

Mimi nilijua sumu ya mmea kabla sijajua kusoma, na nilipaswa kukumbuka. Baba alilima tumbaku. Kwenye nyumba za wakulima wa tumbaku watoto huchuma majani, na majani huchumwa asubuhi yakiwa bado na umande. Nikotini inayeyuka kwenye umande huo, inapita kwenye ngozi. Nilikuwa na miaka tisa mara ya kwanza: kichwa kinazunguka, mate yanajaa mdomoni, kisha natapika pembeni ya tuta huku nguo imeloa na kunata. "Tumbaku imemlevya," wakasema, nikalazwa chini ya mti karibu na bani, na adhuhuri nikarudishwa shambani. Hakuna aliyekuwa katili. Pembejeo zilikuwa za mkopo na majani hayakuwa yanasubiri mtu apone.

Nikotini hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wavutaji wala kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa. Ni ulinzi dhidi ya wadudu. Tumbaku huitengenezea mizizini na kuipandisha majanini, na ikijeruhiwa hutengeneza zaidi. Kila mkulima wa Mitundu anaitumia siri hiyo hata kama hajaisoma popote. Tumbaku ikitoa maua, baba alikuwa anapita mstari kwa mstari akivunja vilele. Mmea unakosa mbegu za kuhudumia, majani yanatanuka na kuwa mazito, na nikotini inapanda. Unajihami kama ulioliwa. Tumbaku nayo ni mgeni wa kutoka Amerika, na wale viwavi wakubwa wa kule waliozoea kuitafuna pamoja na nikotini yake hawapo hapa kwetu. Kwa hesabu ya Blossey ingekuwa na ruhusa ya kulegea. Hailegei kwa sababu sisi hatuiruhusu. Sumu ndiyo tunayoiuza.

Ukiangalia shamba la mama vizuri, karibu kila kitu ni mgeni. Mahindi, muhogo, karanga, alizeti, korosho, vyote ni vya ng'ambo ya Atlantiki. Mtama na uwele ndio wenyeji, na ndio tunaowalima kidogo. Kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba mgeni ni mbaya. Mgeni ndiye aliyenisomesha.

Lakini maadui nao wana miguu. Ile mwaka 2016 viwavijeshi vamizi viligunduliwa Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata vilikuwa Tanzania. Ni mdudu wa Amerika, wa mahindi tangu enzi. Mahindi yalikaa Afrika karne kadhaa bila yeye, yakawa chakula chetu, kisha akayafuata. Nakumbuka mama akinieleza kwenye simu jinsi alivyofungua moyo wa mhindi akakuta kiwavi amejaza kinyesi kama unga wa mbao, na nikaandika habari ya maneno mia tatu, nikaisahau.

Kuna kisa kingine cha kufuatwa ambacho nakipenda kuliko vyote. Kuna mmea wa Ulaya uitwao Pastinaca, ndugu wa karoti, ambao walowezi waliupeleka Amerika, ukatoroka mashambani ukawa gugu. Kiwavi wake maalumu alionekana huko mwaka 1869. Arthur Zangerl na May Berenbaum walikwenda kwenye makabati ya makumbusho wanakohifadhi mimea iliyokaushwa, wakapima sumu katika sampuli za miaka 152, wakatangaza matokeo mwaka 2005. Zile za zamani, kabla kiwavi hajafika, zilikuwa na sumu kidogo. Baada ya kufika kwake, sumu ikapanda. Mmea uliolegea ukakaza tena. Namwaza mtu aliyebana ua hilo kwenye karatasi mwaka 1850 na kitu, bila kujua kwamba anahifadhi ushahidi wa amani ambayo ingekwisha.

Niliporudi Mitundu mara ya pili, na laki tatu za awamu ya mwisho ya deni la mtamba, nilikuwa na wazo. Kwa nini tusilete wadudu wa lantana? Dunia imejaribu tangu 1902, Hawaii walipoagiza wadudu kutoka Mexico. Mama alinisikiliza akipepeta ufuta. Nikamweleza kwa uaminifu na yaliyotokea Uganda: miaka ya 1960, Serere, walileta mdudu mdogo wa Mexico aitwaye Teleonemia, akaishambulia lantana vizuri sana mpaka majani yakaisha, kisha akahamia kwenye mashamba ya jirani. Mashamba ya simsim.

"Simsim ndiyo nini?"

"Ufuta."

Mama akaacha kupepeta. "Basi huyo mgeni wako abaki huko huko Uganda."

Kwa hiyo tuling'oa kwa mikono. Siku kumi na mbili: mimi, mama, vijana wawili wa kulipwa, na mzee mwenyewe alikuja siku tatu na jembe lake bila kuitwa. Lantana ukiikata bila kung'oa shina inachipua upya, na matawi yake yana vijimiba vinavyochana mikono mpaka kwenye kiwiko. Bondeni tulimaliza sehemu tu. Wenye mashamba ya upande ule walituangalia, mmoja akauliza kama anaweza kupewa vijiti vichache vya uzio. Nilimjibu vibaya, nikajuta, nikarudi kumweleza.

Jambo gumu lilikuwa nyumbani. Siku ya mwisho ilibaki mistari ya mbele, ile ya picha zetu zote. Mama alikaa kwenye kizingiti akasema bila kuniangalia: "Baba yako aliniachia miti ikaliwa na mchwa. Wewe ukaniletea hii ikasimama. Mimi peke yangu hapa usiku, mwanangu, unajua maana ya kitu kusimama?" Nilikuwa nimejiandaa kwa lantadini na ndege na mbung'o. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliweka panga chini, nikaketi naye mpaka jua likazama.

Tulinunua seng'enge. Kichaka kimoja kikabaki, karibu na jiko, kwa sharti moja ambalo mama alilitunga mwenyewe: hakitazaa. Kila asubuhi baada ya kufagia anakipitia, na kila ua lililoanza kunyauka analivunja kabla halijafunga tunda. Nilimkuta akifanya hivyo asubuhi ya kuondoka kwangu, begi likiwa begani na gari la Itigi likipiga honi barabarani. Vidole vyake vilikuwa vinavunja kwa mwendo ninaoujua, mstari kwa mstari.

"Hivi ndivyo baba yako alivyokuwa anafanya kwenye tumbaku," akasema.

Nikamwambia kinachotokea ndani ya tumbaku ukiivunja kilele, jinsi inavyodhani imeliwa, jinsi sumu inavyopanda kutoka mizizini.

"Basi na huyu naye acha akasirike," akasema, akavunja jingine.